Mdudu wa Mguu wa Muthama

Wenzangu mliobaki maabara mmeniomba niandike machache kabla sijasahau, na Kilonzo amefika hadi nyumbani kuniletea daftari jipya, kana kwamba shida yangu ilikuwa karatasi. Nitaandika. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Vyeo vilichelewa kuja, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya kalamu moja, fundi mmoja wa mawe kutoka Kalama, na maneno mawili niliyoyaandika nikiwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Maneno hayo mawili bado yananiuma.

Nilizaliwa Kithimani, nikasomea kazi Nairobi, na ajira yangu ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya mwisho: hospitali yetu ya misheni hapa Machakos, si ile kubwa ya kaunti. Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe nililolipiga pasi mara mbili, nikitarajia kupewa darubini. Mkuu wa maabara, Bwana Nzioka, alinipa kalamu ya wino mweusi na ndoo. Ndoo ilikuwa ya kondoo.

Enzi hizo chakula cha vijidudu tulikipika wenyewe. Sahani nzuri ya kuotesha vijidudu huhitaji damu kidogo, kwa hiyo nyuma ya maabara kulifugwa kondoo dume mmoja mnene, na kila wiki mbili tulimtoa damu shingoni naye akiendelea kutafuna. Kumlisha na kumnywesha ilikuwa kazi ya mgeni. Nilimhudumia mwaka mzima. Alikuwa mfanyakazi pekee pale ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika, na nasema hivyo nikijihesabu na mimi.

Bwana Nzioka alikuwa mfupi, mwenye sweta la kijivu hata wakati wa jua kali, na alikuwa na sheria tatu. Ya kwanza: "Sahani inasomwa saa tatu asubuhi. Si saa tatu na nusu. Mdudu hakungoji umalize chai." Ya pili: "Kitu hujaona, usiandike." Ya tatu ilihusu ile kalamu. Penseli hazikuruhusiwa, wala kifutio, wala ule wino mweupe wa kuficha makosa. "Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, utie sahihi kando. Kosa lazima lisomeke. Ukilifuta, mtu atafikiri umefuta na mengine."

Alinifundisha kuchoma kitanzi cha waya hadi kiwe chekundu, na kungoja kipoe kabla ya kugusa sampuli, kwa sababu waya wa moto huua mdudu uliyemtafuta. Alinifundisha kuinamisha sahani mbele ya taa ili madoa yaonyeshe vivuli vyake. Kuna mdudu mmoja anayeota madoa ya duara yenye rangi ya siagi. Jina lake kamili ni refu, sisi tulimwita Stafi. Kufikia mwaka wa pili niliweza kumtambua Stafi nikiwa mlangoni. Bwana Nzioka aliniambia nisijivune, kwani hata mbwa humtambua mwenye nyumba.

Katika sheria zile tatu, ya kwanza ndiyo niliyoishika kama dini. Saa tatu kamili nilisoma, saa nne sahani zote zilikuwa kwenye mtambo wa mvuke zikichemshwa ili zitupwe, na rafu ilikuwa safi. Wauguzi walirekebisha saa zao kwa kuniangalia. Mzee alipostaafu nikapewa meza yake, nami nikaendelea vile vile, mkaidi kuliko yeye.

Sasa nije kwa Muthama.

Muthama alikuwa fundi wa mawe, mmoja wa wale ambao ukuta wao husimama wima hata baada ya mwenyewe kuusahau. Siku moja jiwe la pembeni lilimteleza likamvunja muundi. Akatiwa chuma na skrubu, mfupa ukashika, kidonda kikafunga. Baada ya miezi miwili kidonda kikafunguka na kutoa usaha. Sampuli ikaletwa kwangu.

Wasomaji wasio wa maabara nawaeleza kwa ufupi. Usaha tunaupaka kwenye sahani, sahani inalala kwenye kabati la joto, kesho yake tunaona ni nani ameota. Kisha tunampanda upya na kuweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayomuua huacha kiduara kisafi kukizunguka kile kipande, nasi tunakipima kwa rula. Mdudu wa Muthama alikuwa Stafi, na dawa moja ilimwachia kiduara kipana cha kupendeza. Nikaandika: dawa hii inafaa. Nikatia sahihi.

Akapewa dawa hiyo. Kidonda kikafunga, kikafunguka. Sampuli ikarudi. Stafi yule yule, kiduara kile kile, sahihi ile ile. Mambo haya yalikwenda hivyo kwa miaka minne. Muthama alikuwa anakuja mwenyewe dirishani kuchukua majibu, akiegemea fimbo, na siku moja aliikunjua karatasi, akaisoma yote, akaniambia bila hasira:

"Mama Ndinda, hii karatasi yako imepona. Mimi ndio bado."

Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda kusimama stoo kidogo.

Mwishowe mguu ulikatwa chini ya goti. Alipopata nafuu alikuja tena pale dirishani, safari hii kwa magongo, na hakuwa amekuja kuchukua karatasi. "Sasa niambie," alisema. "Dawa inaua. Wewe umeandika inaua, tena si mara moja. Mbona mguu umeenda?" Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli na halikumfaa kwa lolote. Aliniaga vizuri, na hilo likaniumiza zaidi.

Mdudu wake wa mwisho sikumchemsha. Nilimweka kwenye kichupa, nikakipa nambari, nikakitia kwenye friza letu la baridi kali. Sikuwa na mpango wowote naye. Nadhani nilikuwa nimekasirika, nikataka angalau awe kifungoni. Friza lile nimelilinda kwa miaka mingi dhidi ya umeme unaopotea, dhidi ya jenereta isiyowaka, na Krismasi moja dhidi ya mguu wa mbuzi uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Mwenye mbuzi hajajitokeza hadi leo, ingawa namjua na anajua namjua.

Miaka miwili kabla sijastaafu, chuo kikuu kimoja kilituletea mtafiti, Daktari Akinyi. Alikuwa na umri wa binti yangu Ndinda, akiishi Syokimau na kupanda kuja huku kila asubuhi. Alipewa meza pembeni mwa maabara yetu kwa sababu tulikuwa na friza lenye vijidudu vya miaka mingi, na kwa sababu, kama nilivyosikia baadaye, aliambiwa kuna mama pale asiyekosea. Maneno hayo yalinifurahisha mno. Mtu akikusifu hivyo, angalia unapokanyaga.

Yeye ndiye aliyenipa jibu la Muthama, na aliniambia kana kwamba ni jambo linalojulikana. Stafi akiwa kwenye sahani yangu yuko wazi, hana pa kujificha. Lakini akikaa juu ya chuma au juu ya mfupa uliokufa, hujijengea ute, anajifungia ndani na jamaa zake wote. Dawa inafika kwenye ute, inapungukiwa nguvu njiani, inaua walio nje, na walio ndani wanangoja. Dawa ikikoma, wanatoka. Karatasi yangu ilikuwa kweli, na mguu ulikuwa kweli.

Kazi yake ilikuwa kuifunga dawa ile ile ya zamani ndani ya vitone vya mafuta vidogo mno. Ukiuchukua unywele mmoja na kuupasua kwa upana mara mia kadhaa, ndipo unakaribia ukubwa wa kitone kimoja. Vitone hivyo vinapenya kwenye ute, vinakaa mle, na kuachia dawa polepole.

"Kwa hivyo ni punda," nilimwambia.

"Punda, madam?"

"Kwetu Kithimani maji yako huko chini mtoni na watu wako huku juu. Maji hayajipandishi. Unapakia punda, anapanda nayo mpaka mlangoni."

Alicheka hadi akavua miwani. "Basi ni punda. Lakini ni kapunda kadogo sana."

Kuanzia siku hiyo hata kwenye daftari tuliandika hivyo. Nilimwambia ni lazima pia tumjaribu punda mtupu, asiye na dawa, tusije tukausifu mzigo kumbe ni teke la punda lililoua. Akanifungulia ukurasa wa mpango wake: alikuwa ameshaliandika. Nikaanza kumheshimu, ingawa kimoyomoyo.

Alihitaji mdudu sugu wa kwenye mfupa. Nikamwambia ninaye. Sheria ya utafiti haikututaka tumwombe mtu ruhusa kwa mdudu wa zamani mwenye nambari tu, lakini mimi sikuona vizuri kumtoa mdudu wa Muthama kifungoni bila Muthama kujua. Nikaenda Kalama. Nilimkuta uani, ameketi juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa, akichonga mawe kwa nyundo na patasi. Ukuta hawezi kuupanda tena, lakini mawe yake bado yanatafutwa.

"Uvoo, Muthama?" nilimsalimu kwa Kikamba.

"Museo, Mama Ndinda. Umeniletea karatasi?"

Nikamweleza yote, ute, punda, mzigo. Alisikiliza huku akipuliza vumbi kwenye jiwe. "Kwa hivyo huyo mdudu wangu ako hai mpaka leo?"

"Ako hai. Amelala kwa barafu."

"Na mguu wangu ulizikwa." Akatikisa kichwa. "Haya, mchukueni. Lakini niko na sharti moja. Mkimuua, ama mkishindwa, usinitumie mtu na usinitumie karatasi. Kuja wewe mwenyewe uniambie kwa mdomo."

Nikaahidi.

Tukamwotesha Stafi wa Muthama juu ya skrubu ndogo za chuma, za aina wanayotumia kushika mifupa, hadi skrubu zikawa na utelezi kama bamia. Tukazigawa makundi manne: za kwanza tukazitia kwenye dawa peke yake, za pili punda na mzigo, za tatu punda mtupu, za nne maji matupu. Mpango wa Akinyi ulikuwa wa siku tatu. Kila siku tutoe skrubu kutoka kila kundi, tuitikise kwenye maji safi, maji hayo tuyapake kwenye sahani, na kesho yake tuhesabu waliosalia hai. Waliosimamia mradi kule chuoni walikuwa wanangoja ukurasa huo mmoja. Punda akionyesha dalili, kazi iendelee. Asipoonyesha, meza ya Akinyi ifungwe.

Wiki hiyo aliitwa Nairobi kwa siku nne. Aliniachia jaribio lote, na hakunipa maagizo mara mbili, kwa sababu mikono yangu aliiamini.

Wiki hiyo hiyo wodi ya watoto ilijaa wagonjwa wa kuhara. Sampuli zilikuja kwa trei. Kabati la joto lilijaa hadi nikawa napanga sahani kwa mtindo wa matofali. Saa tatu asubuhi nikasoma sahani za siku ya kwanza za Akinyi. Zote zilikuwa zimejaa madoa. Dawa peke yake, zimejaa. Punda mtupu, zimejaa. Punda na mzigo, zimejaa, tena nilidhani zimejaa kuliko za dawa peke yake. Nikasema moyoni: nilijua. Vitu vya kisasa.

Zilibaki skrubu za siku ya pili na ya tatu, zikichukua rafu nzima katika kabati ambalo watoto walilihitaji. Naweza kusema niliwafikiria watoto, na kweli niliwafikiria. Lakini nafasi ingepatikana; ningezihamisha kwenye kabati dogo la zamani lililokuwa tupu kule stoo. Ukweli ni kwamba mkono wangu ulikuwa umezoea: ukishasoma, chemsha. Saa nne skrubu zote zilikuwa kwenye mtambo wa mvuke.

Kwenye daftari kulikuwa na safu tatu. Ya siku ya kwanza nikaijaza vizuri. Safu ya siku ya pili nikaandika: kama juu. Safu ya siku ya tatu nikaandika: kama juu. Nikatia sahihi. Sikuhisi chochote. Nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kuona sahani zilizojaa zikibaki zimejaa, na ile sheria ya pili ya Bwana Nzioka nilikuwa nikiwafundisha wengine.

Akinyi aliporudi alifungua daftari kabla hata hajatua begi.

"Madam, siku ya tatu pia?"

"Imeandikwa hapo."

"Hata kidogo? Hata zipungue kidogo tu?"

"Daktari, si unasoma?"

Akalifunga daftari. Alituma ripoti mchana huo. Ijumaa akaja na katoni na kuanza kuweka vitabu vyake ndani, kimoja kimoja. Niliona vibaya kwa ajili yake, lakini ndani yangu kulikuwa pia na furaha ndogo, chafu, ya mtu mzima aliyethibitisha kwamba mambo ya kale yanatosha. Naiandika kwa sababu ilikuwepo.

Jumamosi nikaenda Kalama kutimiza ahadi. Muthama alikuwa akisimamia tangi la maji la jirani yake, lililojengwa kwa mawe yake na kupigwa lipu. Lilikuwa limefunikwa kwa magunia, naye alikuwa akiyamwagia maji kwa mkebe, kwa mkono mmoja, mwingine umeshika gongo.

"Tumeshindwa," nilimwambia. "Punda hakufika."

Alimwaga maji ya mkebe ule hadi yakaisha. "Mlipima lini?"

"Kesho yake. Saa tatu asubuhi."

"Na hiyo dawa si ulisema inatoka polepole?"

"Ndiyo."

"Hii simiti ukiigonga leo inapasuka. Utasema fundi ni mbaya. Mimi hunyunyiza maji wiki mzima ndio niseme nimejenga." Akatazama magunia yake, kisha akanitazama mimi. "Siku ya tatu ilisema nini?"

Ningeweza kumdanganya. Hajui maabara. Lakini alikuwa amenitaka nije mwenyewe, nami nikaona sababu yake.

"Sikuangalia."

"Lakini uliandika?"

"Niliandika."

Jirani alipita na toroli, tukasalimiana naye, akaenda zake. Muthama akaweka mkebe chini taratibu.

"Na zile karatasi zangu, Mama? Zile za miaka minne. Uliangalia?"

Niliapa kwamba niliangalia kila moja. Na ni kweli, niliangalia kila moja. Lakini nilipokuwa nikiapa nilisikia jinsi sauti yangu ilivyokuwa, na nikaelewa kwamba yeye hana njia yoyote ya kujua. Alikuwa amepoteza mguu akiwa na karatasi zangu mfukoni, na zile karatasi alizihifadhi nyumbani kwenye mkebe wa biskuti, kwa sababu angalau zilikuwa za kweli. Sasa nilikuwa nimemnyang'anya hata hizo. Sijawahi kuona haya kama siku ile, na nimezeeka nikiona haya mara nyingi.

"Sawa," alisema tu. Akachukua mkebe, akaenda kuchota maji mengine.

Jumapili kanisani sikusikia mahubiri. Jumatatu nilifika kabla ya Akinyi, nikalifungua daftari kwenye ukurasa ule. Nikachukua kalamu nyeusi, nikapiga mstari mmoja juu ya "kama juu" la kwanza, mstari mmoja juu ya la pili, na kando nikaandika: Haikusomwa. Skrubu zilichemshwa baada ya kusoma siku ya kwanza. Nikatia sahihi. Kisha nikangoja.

Akinyi aliusoma ukurasa akiwa amesimama. Nilitarajia anipigie kelele, na ingekuwa nafuu.

"Madam, nimeambia supervisor haifanyi kazi," alisema. "Nimeambia mamangu haifanyi kazi. Nililia kwa stage ya matatu, watu wakiniangalia."

"Nitawaambia mimi."

"Utawaambia aje?"

"Vile nimeandika hapo."

Nikaenda naye kwa msimamizi wa hospitali, kisha nikaandika barua chuoni kwa jina langu. Barua ya onyo ilinifikia kabla ya barua ya kunishukuru kwa utumishi wangu. Zote mbili nimeziweka katika faili moja. Chuo kikakubali jaribio lirudiwe, kwa sharti kwamba nisisome peke yangu. Kilonzo, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kushika kitanzi, akawekwa kunisimamia. Alitaka kuomba radhi kwa hilo. Nikamwambia afungue macho tu.

Siku ya kwanza sahani zote zilijaa, kama mwanzo. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kuelekea trei ya mtambo wa mvuke. Kilonzo alikohoa. Nikaurudisha mkono mfukoni.

Siku ya pili, sahani ya punda na mzigo ilikuwa imepungua. Unaweza kusema ni macho. Tulihesabu mara mbili, kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha. Haikuwa macho.

Sahani za siku ya tatu tulizitoa saa tatu kamili. Dawa peke yake: zimejaa. Punda mtupu: zimejaa. Maji: zimejaa, bila shaka. Nikachukua sahani ya punda na mzigo, nikaiinamisha mbele ya taa kama alivyonifundisha Bwana Nzioka. Niliona uwanja mtupu, mwekundu, na juu yake madoa ya rangi ya siagi. Moja, mawili, matatu, manne. Nikageuza sahani, nikahesabu tena. Manne. Nikampa Kilonzo. "Nne," alisema. Akinyi hakutaka kuishika. Aliiangalia tu, mikono ikiwa nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Kisha akaketi juu ya ile katoni ya vitabu, ikabonyea.

Nililia. Nilikuwa na glavu, kwa hiyo sikuweza hata kujifuta.

Tulirudia mara mbili zaidi. Walibaki wachache kila mara, na hawakuwahi kuisha kabisa. Mradi ukaruhusiwa kuendelea, na nasikia sasa Akinyi anashughulika na hao wachache. Nawaomba mnaosoma msikimbilie kuwaambia wagonjwa. Hii ni skrubu kwenye chupa, si mguu wa mtu. Kuna wanyama wa kujaribiwa kwanza, kuna maswali ya ini na figo, kuna miaka. Punda amefika mlangoni. Kama mwenye nyumba atakunywa maji hayo salama, hakuna ajuaye bado.

Mlinifanyia sherehe nzuri ya kuniaga. Mlininunulia saa ya ukutani, na ningependa kujua ni nani aliyetoa wazo hilo.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kalama. Safari hii nilibeba nakala mbili: ya ukurasa wa zamani wenye mistari yangu, na ya ukurasa mpya. Muthama alikuwa amekataza karatasi, lakini nilimwambia yote kwa mdomo kwanza, nikiwa nimesimama, kisha ndipo nikampa. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Ukurasa wa zamani aliusoma kwa muda mrefu kuliko ule mpya. Alipitisha kidole juu ya mstari niliopiga, na chini yake maneno "kama juu" yalisomeka vizuri kabisa.

"Hii ukaiacha watu waione."

"Ndivyo tulivyofunzwa."

Akageukia ukurasa mpya. "Walibaki wangapi?"

"Wanne."

"Wanne," alisema. Akainuka kwa gongo lake, akaingia ndani, akatoka na ule mkebe wa biskuti. Akaufungua, akaziweka karatasi zangu mbili juu ya zile za miaka minne, akazisawazisha kingo kwa viganja kama anavyosawazisha mawe.

"Hii karatasi haijapona kabisa, Mama Ndinda," alisema, akifunga kifuniko. "Ndio maana naiamini."